Mtoto Anapocheza Tumboni: Mwongozo Kamili wa Kumsikia, Kumwimbia na Kujua Wakati wa Kukimbilia Hospitali

Wifi yangu alikuwa ameegemea mito miwili kwenye kochi, nyumbani kwao Kawangware, Nairobi, saa tatu usiku. Mimba yake ilikuwa ya wiki 29, na rimoti ya runinga ilikuwa imekaa juu ya tumbo. Ploti ya pili kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Ngoma ilipoingia kwenye kiitikio, rimoti ikatikisika. Tukatazamana. Kiitikio kiliporudi ikatikisika tena, safari hii ikateleza ikaanguka kwenye zulia. Kaka yangu aliacha ugali wake, akaja kupiga magoti kando ya kochi na mkono ambao hajanawa, akisema, "Rudisheni, warudie hapo!"

Usiku huo wifi aliniuliza maswali ninayoulizwa na akina mama wengi tangu nianze kuzunguka nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya ya jamii. Kweli mtoto amesikia? Amefurahi au ameshtuka? Nimwekee simu tumboni? Na siku akinyamaza, nifanye nini? Nayajibu hapa kwa mpangilio ninaoutumia ninapomtembelea mama.

Muziki ni njia tamu ya kufahamiana na mtoto kabla hajazaliwa, na mimi nauhimiza. Lakini liko jambo moja nataka ulishike tangu sasa, hata kama hutafika mwisho wa makala haya: muziki ni wa mtoto anayecheza kama kawaida yake. Mtoto aliyepunguza kucheza haamshwi kwa wimbo. Anapelekwa hospitali.

Hatua ya kwanza: jua ni lini umtarajie

Mtoto huanza kujisogeza mapema sana. Kwenye skani ya miezi miwili na kitu unaweza kumwona akirukaruka, ila mama hahisi lolote kwa sababu bado ni mdogo kuliko kidole gumba. Wengi huhisi mchezo wa kwanza kati ya wiki ya 16 na ya 24. Mimba ya kwanza mara nyingi huchelewa, hata kupita wiki ya 20. Aliyekwisha kuzaa hutambua mapema zaidi kwa sababu anajua anachokitafuta.

Tatizo dogo hapa ni hesabu. Sisi tunahesabu miezi, kliniki wanahesabu wiki, tena wanaanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, ile ya kanisa au ya duka la jumla, mwombe nesi akuandikie wiki uliyofika leo, kisha uziandike nyingine mwenyewe kila Jumatatu mpaka ya 40. Kila ninachokisema hapa kinategemea namba hizo.

Usitarajie teke mwanzoni. Mama mmoja wa pale 56, mtaa wa hapa Kawangware, aliniambia ni kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mwingine alisema ni samaki anayepiga mkia kwenye karai. Mimi mwenyewe, mimba ya kwanza, nilidhani ni mshipa unaoruka kama ule wa kwenye jicho. Wengi huchanganya na gesi. Gesi huhama, hunguruma, mwisho hutoka. Mtoto hurudi palepale, chini ya kitovu, na kesho yake anarudi tena.

Ukifanyiwa skani, muulize aliyekupima kondo la nyuma limejishika wapi. Jina lisikuchanganye: linaitwa "la nyuma" kwa kuwa hutoka baada ya mtoto. Ndani ya mfuko wa uzazi linaweza kukaa mbele, nyuma, juu au pembeni. Likikaa mbele linakuwa kama mto kati ya mtoto na ngozi ya tumbo lako, kwa hiyo unaweza kuchelewa kumsikia, na akipiga teke unalihisi kwa mbali. Mama mwenye kondo la mbele husikia zaidi pembeni na chini. Hilo lakini haliwi sababu ya kupuuza mabadiliko baadaye. Ukishamzoea, kawaida yake ni kawaida yake, kondo likae popote.

Ukifika wiki ya 24 na hujahisi chochote, usingoje tarehe ya kliniki inayofuata. Nenda wamsikilize.

Hatua ya pili: tafuta saa yake na mkao wako

Mchana wa Nairobi haukupi nafasi ya kumsikia mtoto. Umeamka saa kumi na moja, umepanga foleni ya matatu, umesimama dukani au umekaa kwenye cherehani mpaka jioni, akili yote iko kwenye kazi. Anaweza kuwa amecheza mara ishirini na hukumbuki hata moja. Zaidi ya hapo, watoto wengi huchangamka alasiri na usiku. Ndiyo maana simulizi nyingi za akina mama huanza na "nilipojilaza tu".

Basi jilaze. Kula kwanza, kwa sababu tumbo tupu linanguruma na kukuchanganya. Lala ubavu wa kushoto, mto mmoja chini ya kichwa, mwingine au shuka lililokunjwa katikati ya magoti. Weka kiganja chote tumboni, kikiwa na joto, bila kubonyeza. Zima runinga. Dakika kumi za mwanzo huenda usisikie kitu, kwa kuwa mwili wako wenyewe bado unatulia.

Baba naye apewe zamu yake, ila aambiwe ukweli: kwa nje mchezo hushikika vizuri kuanzia wiki ya 24 hadi 28 hivi, na mtoto ana tabia ya kunyamaza pindi mkono unapofika. Auache pale bila kuuhamishahamisha. Kaka yangu alikaa dakika arobaini siku ya kwanza na hakuambulia kitu, akaenda kulala amekasirika. Siku ya tatu alipigwa teke kwenye kiganja, akaniamsha kwa simu saa tano usiku.

Maadamu tunazungumzia kulala: kuanzia wiki ya 28 anza usingizi ukiwa ubavu, wa kushoto au wa kulia, usilale chali. Ukilala chali, uzito wa mfuko wa uzazi unakandamiza mishipa mikubwa ya damu, na damu inayomfikia mtoto inapungua. Ukiamka usiku ukajikuta chali, usiogope, geuka tu uendelee kulala.

Hatua ya tatu: jifunze kawaida yake kabla ya kumpigia muziki wowote

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo ninayoing'ang'ania. Kuanzia wiki ya 26 au 28, chukua daftari la shule la kurasa 32 na uandike kwa wiki moja. Si lazima uhesabu kila teke. Andika saa, ulikuwa ukifanya nini, na mchezo ulikuwa wa namna gani. Ukurasa wa wifi yangu ulikuwa hivi:

"Jumatatu. Saa 2 asubuhi, chai: kidogo. Saa 8 mchana, kazini: hapana, ama sikusikiliza. Saa 12 jioni, kwa matatu: hapana. Saa 3 usiku: sana, kulia, anajinyoosha. Saa 5 usiku: kwikwi."

Baada ya siku saba alikuwa anajua kitu ambacho mashine yoyote isingemwambia: huyu wake ni mtu wa saa tatu usiku, hupenda upande wa kulia, na asubuhi ni mvivu. Hapo ndipo unapopata kipimo cha kumpimia baadaye.

Hakuna namba moja ya mateke inayowafaa watoto wote. Jirani akikuambia wa kwake hucheza kutwa kucha, mpongeze, kisha rudi kwenye daftari lako. Unatafuta mabadiliko katika mtoto wako mwenyewe. Jua pia kwamba hulala humo ndani, usingizi wa dakika 20 hadi 40 kwa kawaida, na mara chache sana hupitisha dakika 90. Kwikwi utaitambua kwa mdundo wake: tap, tap, tap, mahali pamoja, kama saa ya ukutani. Haina ubaya, lakini unapohesabu michezo usiichanganye humo, maana hiyo haifanyi kwa kutaka.

Mchezo huongezeka mpaka wiki ya 32 hivi, halafu hubaki hapohapo. Namna yake ndiyo hubadilika: nafasi ikibana, mateke ya ghafla hugeuka kuwa kujinyoosha, kusukuma kwa kisigino chini ya mbavu, kubingirika kunakovuta tumbo lote upande mmoja.

Hatua ya nne: fahamu anachosikia humo ndani

Sikio la ndani huwa limeshaundwa karibu na wiki ya 20, ingawa kusikia vizuri huja polepole. Mwaka 1994 watafiti wa Belfast waliwapigia mamia ya watoto walio tumboni sauti za aina mbalimbali huku wakiwatazama kwa skani. Kufikia wiki ya 27 karibu wote walijisogeza waliposikia sauti nzito. Sauti nyembamba zilichelewa, na ilikuwa kati ya wiki ya 33 na 35 ndipo wote wakazijibu.

Tena tumboni hakuna kimya. Kuna moyo wako unaodunda, damu inayopita, utumbo unaonguruma. Sauti ya nje inapovuka ngozi, mafuta, misuli na maji, sauti nyembamba hupotelea njiani na nzito hufika. Ukitaka kujua muziki anausikiaje, simama nje ya kanisa milango ikiwa imefungwa wakati ibada imepamba moto. Maneno huyashiki, ila besi na ngoma unaweza kuzihesabu moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mtoto wa wifi yangu aliitikia ngoma ya kwaya na hakushughulika na sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu.

Sauti yako wewe ina njia yake ya peke yake. Inapita hewani kama za wengine, na papo hapo inapita mwilini mwako, kwenye mifupa na nyama, ikamfikia. Mwaka 1980, huko Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wachanga wasiozidi siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti: mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akibadilisha mwendo anasikia ya mwanamke mwingine. Wachanga wale walinyonya kwa namna ya kumleta mama. Mwaka 1986 DeCasper na mwenzake Melanie Spence waliwaomba akina mama wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa waliipendelea hadithi ileile, hata iliposomwa na mwanamke wasiyemjua. Na nchini Finland, utafiti uliotolewa mwaka 2013 uliwapigia watoto wimbo mmoja wa kubembeleza miezi ya mwisho ya mimba. Bongo zao ziliutambua walipozaliwa, na bado ziliutambua walipofika miezi minne.

Nikiwasomea haya akina mama kwenye kikao chetu cha Alhamisi, hunyamaza wote. Halafu mmoja ataanza kuvuta wimbo.

Hatua ya tano: kikao cha muziki, tangu mwanzo hadi mwisho

Anza wiki ya 27 au 29, ukishalijaza daftari kwa wiki moja. Chagua wimbo mmoja au miwili tu, uukae nao. Si lazima uwe wa piano. Rhumba ina besi laini na mwendo usio na pupa, benga inachangamsha, taarab ina vinanda na kurudiarudia, kasida na tenzi za kanisani zina sauti za watu wengi zinazoungana. Cha maana ni upendao wewe, kwa sababu wimbo ukikulegeza mabega, pumzi yako inashuka na moyo wako unatulia, na hayo pia yanamfikia.

Chagua saa ambayo daftari linasema huwa macho. Jilaze kama nilivyoeleza. Weka simu au spika ndogo mezani, hatua mbili au tatu kutoka ulipo. Kipimo changu cha sauti ni hiki: uweze kuzungumza na mtu aliye karibu nawe bila kupaza sauti, na umsikie akijibu.

Sasa usibonyeze kwanza. Kaa dakika tano kimya na umwangalie anafanya nini bila muziki. Akiwa tayari anacheza, utajua hukumwamsha wewe. Kisha piga wimbo kwa dakika kumi, kumi na tano zikizidi. Halafu zima, ukae dakika nyingine tano. Andika vipande vyote vitatu: kabla, wakati, baada. Ukifanya hivyo siku nne au tano utaona kama kuna uhusiano au ni bahati tu. Bila zile dakika za kimya utajipa majibu unayoyataka, nasi sote huwa tunayataka sana.

Utakutana na majibu ya namna tatu. Kuna kushtuka: teke moja kubwa au mwili wote kuruka, mara nyingi sauti inapoanza ghafla. Kuna kuchangamka: mfululizo wa kusogea unaoendelea kwa muda. Na kuna kutulia: alikuwa anacheza, muziki ukaanza, akanyamaza. Mama wengi huniambia kwa huzuni, "Hapendi wimbo wangu." Hapana, mama. Kutulia ni jibu pia. Wewe mwenyewe ukisikia mtu anaita kwa mbali, unaacha unachofanya usikilize. Lakini usinipeleke mbali zaidi ya hapo. Teke halikwambii kuwa amefurahi wala kuwa amekasirika. Linakwambia amesikia kitu.

Akishtuka kila unapoanza, anza na sauti ya chini kabisa na uipandishe taratibu. Akiendelea hivyo, badilisha wimbo au acha mpaka wiki ijayo. Asipojibu chochote, huenda amelala. Wifi yangu hakupata jibu siku tatu mfululizo kwa rhumba aliyoichagua kwa makini. Siku ya nne alikuwa akiosha vyombo huku anavumisha kile kiitikio cha kwaya, na mtoto akaanza.

Kuvumisha ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana haihitaji stima wala bando. Funga midomo, vuta sauti nzito kifuani mpaka uhisi mtetemo chini ya koo, weka kiganja tumboni. Kama bibi yako alikuwa na wimbo wa kubembeleza kwa lugha ya nyumbani, huu ndio wakati wa kumpigia simu shambani akukumbushe maneno. Baba aimbe naye, akisogea karibu. Sauti yake nzito inapenya vizuri, ila haina ile njia ya ndani uliyo nayo wewe, kwa hiyo lazima irudiwerudiwe.

Kelele za mji huu

Kuna wanaofunga hedifoni tumboni kwa leso, na kuna mikanda yenye spika inayouzwa kwa ajili hiyo. Usifanye. Chombo kikigusa ngozi, huna namna ya kujua ni sauti kiasi gani inaingia, na mtoto hana mlango wa kukimbilia.

Matatu ndiyo shida yetu kubwa. Kumbuka nilichosema: sauti nzito ndizo zinazopenya, na matatu zetu zilizopambwa zinashindana kwa besi. Kiti cha nyuma, juu ya spika, unaihisi mpaka kwenye meno. Safari moja haitamdhuru mtoto, kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili ya jana. Ila kama ni asubuhi na jioni miezi mitatu, kaa mbele, mbali na spika, au subiri gari lisilo na disko hata kama ni dakika kumi zaidi. Sema pia. "Konda, punguza kidogo, niko na mtoto." Ninapoongozana na mama mjamzito nasema kwa niaba yake, na mara nyingi hupunguza. Sheria iko upande wako: tangu mwaka 2009 Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kesha, harusi na matanga yenye spika kubwa, keti mbali, usikae mbele ya jukwaa. Wanaofanya kazi penye kelele, kama karibu na mafundi wa mabati Kamukunji au kwenye mashine za posho, wawe waangalifu zaidi, maana wanakaa kwenye kelele kwa muda wa saa nane kila siku. Wataalamu wa afya kazini huanza kuhofia kelele ya desibeli 85 inayodumu kwa muda mrefu. Bila kifaa utaijua hivi: mtu yuko umbali wa mkono na inabidi upaze sauti ili akusikie. Kuziba masikio yako hakumkingi yeye, kwa hiyo suluhisho ni kuhamishwa sehemu. Zungumza na msimamizi mapema.

Je, atazaliwa na akili zaidi?

Naulizwa kila wiki. Hakuna ushahidi kwamba muziki tumboni humfanya mtoto awe na akili zaidi. Wazo hili lilitoka kwenye utafiti wa mwaka 1993 wa Marekani, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima, walisikiliza Mozart kwa dakika kumi wakafanya vizuri kidogo kwenye jaribio la maumbo, na faida yenyewe ikayeyuka baada ya robo saa hivi. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Lakini kufikia 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, alikuwa akiomba pesa za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki huo. Kwa hiyo anayekuuzia programu ya "kumnoa mtoto tumboni" anakuuzia maneno. Pesa hiyo nunua mayai na omena.

Akipunguza kucheza

Mimba yangu ya pili, wiki ya 34, Jumamosi moja niligundua kwamba jioni imepita na mtoto hajafanya fujo zake. Nikafanya kila kitu ambacho leo nakukataza. Nikanywa maji baridi. Nikampigia tenzi aliyoizoea. Akasogea kidogo, mara moja, nami nikashukuru Mungu nikalala. Jumapili ikawa hivyohivyo: ukimya, wimbo, msogeo mmoja hafifu, moyo ukatulia. Jumatatu nilipofika kituo fulani, aliyekuwa mapokezi aliniambia nikanywe soda kwanza nirudi baadaye. Mkunga mmoja mzee aliyekuwa akipita alisikia, akanishika mkono akaniingiza ndani mwenyewe. Mapigo ya moyo wa mtoto hayakuwa mazuri, na skani ikaonyesha maji ya chupa ya uzazi yamepungua sana. Nilifanyiwa upasuaji siku hiyo. Alizaliwa na kilo 2.1, nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi kwa siku nyingi, na leo yuko darasa la nne. Nilipoteza siku mbili kwa sababu ya ule msogeo mdogo uliojibu wimbo wangu.

Mtoto asiyepata hewa ya kutosha hupunguza kucheza ili kuhifadhi nguvu. Hivyo kupungua kwa mchezo kunaweza kuwa ishara ya kwanza, na wakati mwingine ya pekee, kwamba kondo halifanyi kazi yake. Sauti ya ghafla inaweza kumshtua hata yeye. Ukimpigia muziki ukapata teke moja, umepata faraja isiyo na msingi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama ameacha kucheza kabisa, nenda sasa hivi. Kama huna hakika, labda ulikuwa mbioni siku nzima, lala ubavu wa kushoto, zima kila kitu, na umsikilize yeye tu kwa muda usiozidi saa mbili. Usipopata misogeo kumi inayotofautiana, nenda. Ukiipata kumi lakini moyo unakuambia hayuko sawa, amebadilika, nenda vilevile. Usingoje kesho, usingoje mume atoke kazini, usingoje kliniki ya Jumatano. Kama kuna damu, maji yanayovuja, kichwa kinachouma sana au macho kuona ukungu, hakuna cha kulala ubavu, ondoka.

Usinunue kile kifaa cha kusikilizia moyo nyumbani. Usiye na mafunzo unaweza kusikia mapigo yako mwenyewe, au damu ya kondo, ukaamini ni ya mtoto.

Hospitali, sema maneno haya wazi, kwa wa kwanza utakayemkuta: "Mtoto amepunguza kucheza tangu saa fulani." Onyesha daftari. Wanapaswa kusikiliza moyo wa mtoto, kwa kibomba cha mkunga au kifaa cha umeme, na kama mimba imepita wiki 28 na mashine ipo, kukufunga mikanda tumboni irekodi mapigo kwa dakika 20 au zaidi. Watapima tumbo na presha yako, na huenda ukapelekwa skani. Wakati mwingine wao wenyewe humwamsha mtoto kwa sauti au mtetemo wakati mashine inasoma moyo. Tofauti ni kwamba wao wanaona moyo unavyojibu. Ukiambiwa yuko salama, rudi nyumbani kwa amani. Akipungua tena baada ya siku mbili, rudi tena, bila haya. Ukijibiwa kama nilivyojibiwa mimi, usitoke. Omba mkunga wa zamu.

Na yule atakayekuambia, mara nyingi kwa upendo, "Ametulia kwa sababu anajiandaa kuzaliwa," mwitikie kwa heshima, mama mkwe ni mama, halafu nenda hospitali. Mtoto hucheza mpaka mwisho, hata uchungu ukishaanza.

Jipange mapema kwa safari ya usiku: namba ya jirani mwenye gari au ya dereva unayemwamini, pesa kidogo isiyoguswa, kitabu cha kliniki, kitambulisho, na usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uwe umekamilika. Jua ni hospitali gani ya karibu yenye wodi ya wazazi iliyo wazi usiku. Mwenye mapacha ahesabu mchezo wa jumla asihangaike kuwatenganisha, na masharti ya kwenda ni yaleyale.

Baada ya kuzaliwa

Ule wimbo usiuache. Mlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, umvumishie kwa sauti ileile nzito ya kifuani, saa ileile mliyozoea.

Wifi yangu alijifungua hospitali ya Pumwani wiki ya 39, msichana. Usiku wa tatu nyumbani alilia mpaka akawa mwekundu. Alikuwa ameshanyonya, amebadilishwa, amebebwa na kila mtu. Kaka yangu alimchukua, akaketi kwenye kochi lilelile, akaanza kile kiitikio cha kwaya kwa sauti yake inayokwaruza, mdundo akiupiga kwa vidole viwili mgongoni pa mtoto. Mtoto akakata kilio katikati, akafungua jicho moja.